Hakuwa na Deni la Mtu

Astère alikufa tarehe mbili ya mwezi wa sita, mwaka jana, kwenye barabara ya kupanda Musaga, mtaa wa mlimani alikokaa. Mjane wake husema ilikuwa Jumanne. Ilikuwa Jumatatu. Nakumbuka kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya shuka nyingi, wageni wa mwisho wa wiki wakiwa wameondoka, na siku hiyo alichelewa kutoka kazini kwa ajili ya mashine iliyokataa kumwaga maji. Mafuta yalikuwa hayapatikani mjini, mabasi yalikuwa machache, akaamua kutembea. Lori lisilo na taa lilimkuta karibu na daraja. Wanasema hakuteseka. Sijui nani alikuwepo wa kusema hivyo.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Kibenga, upande wa ziwa. Yeye alikuwa kwenye mashine, mimi kwenye pasi. Shuka zilitoka kwake zikaja kwangu, nami nilizikunja, na kabla hazijapanda vyumbani ziliandikwa kwenye kaye, daftari letu kubwa lenye jalada jeusi. Hata kitambaa cha kufutia mikono hakikutoka bila mtu kuweka saini. Foronya moja ikipotea, bei yake ilikatwa kwenye mshahara wa aliyesaini.

Astère alikuwa na kipaji cha kusoma wageni kwenye shuka zao. Alikuwa akiinua moja kwenye mwanga na kusema, huyu amekula samaki kitandani, huyu hakulala kabisa, huyu dada amelia, tazama wanja. Tulikuwa tukicheka mpaka msimamizi anakuja mlangoni. Saa sita tulikula kwenye sahani moja, ugali na ndagala, vidagaa vya ziwani, na mboga ya lengalenga ambayo mama yangu alinipa kila Jumapili nilipokwenda kumwona huko Ruziba. Astère alimfahamu mama. Alikuwa akienda nami mara nyingine, na mama alimpenda kwa sababu alikula bila kuona haya.

Mama anaitwa Spéciose. Analima bustani ndogo ya mboga Ruziba na kuziuza mwenyewe barabarani. Miaka mitatu iliyopita alishikwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika kabla hatujajua ni ugonjwa. La kushoto lilibaki, lakini kila mwezi liliona mahali padogo zaidi. Mwenyewe alisema ni kama kuchungulia dunia kwenye mrija wa pombe. Daktari alinieleza kwamba upasuaji haurudishi kilichopotea, unashikilia kilichobaki. Madaktari wa upasuaji huo walikuwa wakija mara mbili tu kwa mwaka, na jina la mama liliandikwa kwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa sita. Pesa zililipwa siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa mlangoni: faranga laki tano na nusu.

Nilikuwa nazo. Pale kazini tulikuwa na kirimba. Watu kumi, kila mmoja anatoa elfu sitini siku ya mshahara, na mmoja anachukua zote laki sita kwa zamu. Aliyetunza kirimba alikuwa Mwavita, mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayesafisha vyumba, kwa sababu hasahau kitu wala hakopeshi siri. Zamu yangu ilianguka mwezi wa tano. Zamu ya Astère ilikuwa inafuata, mwezi wa sita. Ubaya wa kirimba ni mmoja: kila mtu pale kazini anajua ni siku gani una pesa, na ni kiasi gani.

Siku mbili baada ya kupokea, Astère alizima mashine yake katikati ya kazi, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akaja kusimama mbele ya meza yangu ya pasi.

"Jovithe, mi niko na shida," akasema. "Mwenye nyumba anafunga mulango Ijumaa. Na Bella ana wiki tatu."

Bella ni mtoto wake. Alitaka laki tano. Nilimwambia ukweli, kwamba pesa hizo si zangu, ni jicho la mama. Akasema anajua, na ndiyo maana hakuomba miezi, aliomba wiki nne tu. Tarehe tano ya mwezi wa sita zamu yake ingetoka, na asingeigusa. Mwavita akizitoa tu, zingeingia mkononi mwangu moja kwa moja. Mama angebaki na siku kumi na moja mbele.

Nilifikiria karatasi. Sikusema, ila macho yangu yalikwenda kwenye kaye, pale kwenye rafu, na Astère akayaona. Akacheka.

"We unataka nisaini? Kama foronya?"

Nikacheka na mimi. Siku ya pili nilimletea laki tano ndani ya bahasha, akaiweka chini ya shati bila kuhesabu. Nilidhani hakuna aliyeona. Mambo ya ndugu hayaandikwi, ndivyo tunavyosema, na mtu anayekula nawe sahani moja ukimtolea kalamu umemwambia kwamba miaka yote ulikuwa unamhesabia matonge.

Baada ya hapo alikuwa Astère yule yule. Labda alinyamaza zaidi. Mara moja niliulizia mwenye nyumba, akasema mambo yametulia, akageukia mashine.

Kisha ikaja ile Jumatatu.

Tulimzika Jumatano. Nilishika upande mmoja wa jeneza. Siku ile, nikisema kweli, sikuzifikiria pesa. Nilifikiria nani sasa atanisomea shuka. Pesa zilinijia kesho yake, nilipokuwa nakunja, tarehe tano yenyewe, wakati Mwavita alipopita akikusanya elfu sitini za kila mtu, na kidogo juu yake kujaza fungu la marehemu. Alisema zamu ya marehemu ni ya marehemu, kirimba kitampa mjane mbele ya watu siku ya kuganduka. Wote walikubali. Nami nilikubali. Nilijiambia kwamba siku ile nitasema, kwa adabu, mahali panapofaa.

Kwa asiyejua: kuganduka ni siku ya kumaliza matanga ya kwanza. Watu wanarudi nyumbani kwa marehemu, wanakaa, wanapewa kinywaji, wanasikiliza maneno. Na kabla ya kutawanyika, msemaji wa familia anasimama na kuuliza waziwazi: nani anamdai marehemu, nani anadaiwa naye. Anayesema siku hiyo anasikilizwa. Anayekuja wiki ijayo na deni anaonekana kama mtu aliyeota ndoto usiku. Desturi hiyo inalinda wajane na wadai pia. Kwa hiyo mlango wangu ulikuwepo, tena mpana.

Wenzangu wa kazini walinichagua mimi niseme kwa niaba yao. Nilimaliza shule ya sekondari, na wote walijua tulivyokuwa. Niliandika ukurasa mmoja kwenye meza ya pasi wakati wa chakula. Ninao bado. Hauna neno deni popote.

Ilikuwa Jumatano nyingine, tarehe kumi na moja. Uwanja wa nyumba ile ya Musaga ni mdogo. Walitandaza turubai juu na kupanga viti vya kukodi mpaka njiani. Mama alitoka Ruziba na jirani yake, akawekwa mbele pamoja na wanawake ili aweze kuona kidogo. Ingrid, mjane, alikaa nyuma kidogo, kwenye mlango wa nyumba, na Bella mapajani. Nilipokuwa napita nyuma kwenda mbele kusema, nilipita kwa wanaume wawili wa kabare, baa ya pale chini, kila mmoja na bia yake ya bure. Mmoja alimwambia mwenzake:

"Leo tutajua bia zake alikuwa ananywa na mufuko wa nani."

Mwenzake akasema kwamba waliopanga foleni ya mafuta wana bahati, foleni yao ni fupi kuliko ya wadai wa Astère. Wakacheka puani. Hawakuwa wakisema nami. Lakini Ingrid alikuwa hatua tano kutoka pale, na niliona amesikia, maana aliinama akaanza kumfunga Bella kofia ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Nilisoma ukurasa wangu. Nilisema habari za wageni na shuka, na watu walicheka vizuri, kile kicheko cha matanga chenye machozi ndani yake. Nilipofika mwisho niliinua macho nikawaona wale wawili kule nyuma, bado wanatabasamu. Hasira ikanipanda. Nikakunja karatasi na kusema neno ambalo halikuwemo.

"Na mimi niliyekula naye miaka sita nawaambia, Astère hakuwa na deni la mtu."

Wanawake walipiga makofi. Wale wawili walitazama chupa zao. Nilikaa chini nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha kabisa.

Hapo hapo akasimama mzee Melchior, baba mdogo wa Astère, aliyekuwa msemaji wa familia. Akashukuru. Akasema mumesikia, lakini desturi ni desturi, lazima aulize. Akauliza. Nani anamdai mutoto wetu? Aseme leo, mbele ya watu.

Nilisikia swali likinijia kama maji ya moto. Niliweka mkono kwenye kiti ili nisimame. Ningesema nini? Ningesimama tena, mtu yule yule, kabla hata watu hawajashusha mikono ya kupiga makofi, niseme, ila mimi namdai? Wale wawili wangekunywa kicheko hicho mwaka mzima. Nilimtafuta Mwavita kwa macho. Alikuwa amekaa na mkoba magotini, ananitazama mimi tu, bila kupepesa. Sikuelewa kwa nini.

Mzee Melchior alingoja. Alingoja vizuri, hakuwa mtu wa hila. Kisha akasema: "Mwenzake wa kazi amejibu. Nani anamujua mutu kupita yule anakula naye?"

Akapokea kimya chetu, akakifunga. Baada yake Mwavita aliitwa kwa jina la kirimba. Akatembea mpaka kwa Ingrid, akamkabidhi bahasha ya laki sita kwa mikono miwili, akasema kiasi chake kwa sauti ili watu wote wasikie. Niliiona bahasha ikiingia chini ya kitenge, karibu na miguu ya mtoto.

Mwavita alinipata kwenye barabara, tulipokuwa tunatafuta usafiri.

"Laki moja na nusu," akaniambia. "Alinikopa mwezi wa ine. Aliniahidi ile zamu yake."

Akaniambia kwamba yeye ni mukongomani, hawezi kusimama wa kwanza kwenye matanga ya Warundi akadai pesa. Alikuwa anangoja mimi. Alidhani namdai, kwa sababu alikuwa amemwona Astère siku ile na bahasha yenye muhuri wa hoteli, zile ninazochukua kwenye meza ya mapokezi. Alijua nikisimama mimi, yeye atasimama wa pili.

"Umefunga mulango, papa Jovithe," akasema, "na umetuacha inje wote wawili."

Mimi sina mtoto. Aliniita papa, yaani baba, kama mtu anavyomwita mwanamume asiyemjua.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nilimwomba msimamizi mshahara wa mbele. Akasema angempa mmoja angewapa wote. Niliuza simu yangu na godoro. Nilikuwa na laki moja iliyobaki ya kirimba, na elfu sabini za vitu hivyo. Jumamosi niliamua kwenda kwa Ingrid. Njiani nilipanga maneno, jinsi nitakavyomwomba nusu tu, taratibu.

Nilimkuta anafua nguo za mtoto. Alinipa kiti, akaingia ndani akatoka na chai. Kabla sijafungua mdomo alinieleza mwenyewe kwamba bahasha imekwisha. Mwenye nyumba alikuja asubuhi baada ya kuganduka. Walikuwa wanadaiwa miezi minne.

Nilimuuliza, minne? Hata wa tano haukulipwa?

Akasema hata wa tano. Mwenye nyumba alifunga mlango kweli Ijumaa ile, wakalala siku mbili kwa jirani, mpaka Astère alipomtuliza kwa maneno.

Laki tano zangu hazikulipa nyumba. Zilikwenda wapi, sijui hadi leo. Nimefikiria deni la zamani, nimefikiria kabare, nimefikiria mwanamke, ingawa Astère simwoni hivyo. Nimefikiria pia kwamba alikuwa na mtu mwingine kama mimi, mahali pengine, aliyekuwa anangoja zake kabla yangu. Aliyejua amelala Musaga, na hakuna shuka ya kuinua kwenye mwanga.

"Kaka Jovithe," Ingrid akasema, "watu ba hapa bananiangalia vizuri sasa. Juu ya maneno yako. Dukani wananipa sabuni na unga, wanasema bwana wake hakuwa na deni, atalipa."

Nikamaliza chai. Nilipoondoka niliweka elfu kumi chini ya sahani ya kikombe. Nilikwenda kudai, nikarudi nimetoa. Huyo ndiye mimi, wala sijisifu kwa hilo. Nilikuwa natafuta namna ya kutoka pale.

Jumapili nilikwenda Ruziba. Mama alikuwa amefunga nguo zake za hospitali kwenye kitambaa, na kopo la sabuni, na kijiko. Aliniambia amekwisha kumwomba jirani amwagilie bustani wiki nzima. Nikakaa kwenye kizingiti. Nikamwambia pesa hazipo.

Hakupiga kelele. Aliuliza ziko wapi. Nikamwambia yote: Astère alikuja kwenye meza yangu, nikampa, zamu yake ilikuwa inafuata, akafa siku tatu kabla. Nilisema kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa. Aligeuza uso akanitafuta kwa ule mrija wake, akanipata.

"Mutoto wangu," akasema, "mi nilikuwa pale. Nilikusikia."

Nikasema, mama, nilisema vile kwa sababu ya wale watu wa kabare. Akauliza watu gani. Hakuwaona, walikuwa nyuma, na yeye nyuma haoni. Hakusikia walichosema. Alichosikia ni mimi, na makofi, na mzee akiuliza, na mwanawe amekaa kimya. Nikamwambia amuulize Mwavita. Akasema yeye hamjui Mwavita. Nikaapa. Akaniambia nisiape kwa jina la mtu aliyekufa, hawezi kujitetea, na alikula kwake vizuri.

Baba yangu alikunywa. Alikunywa shamba la Rumonge na ng'ombe mmoja, na kila mara alikuwa na hadithi, na katika kila hadithi mtu mwingine ndiye aliyechukua. Nilimwona mama akimkumbuka. Nilimwona akinipanga pale, karibu naye.

Tulikaa mpaka mchana ukaisha. Kisha akanyoosha mkono akanishika kichwani, kama alivyokuwa akifanya nikirudi shuleni na alama mbaya.

"Kama ulizikunywa, useme tu. Mi ni mama yako, nitakusamehe. Usimutwike marehemu."

Nilimsikia anangoja. Nilijua kwamba ukweli nimekwisha kuusema wote na hauna mahali pa kukaa katika nyumba ile. Kilichobaki mkononi mwake cha kunipa kilikuwa msamaha, na alikuwa na msamaha wa kosa moja tu.

Nikasema, "Nilizikunywa, mama."

Akapumua. Akasema vizuri, sasa umesema. Akaanza kufungua kile kitambaa, akatoa kijiko akakirudisha mahali pake, akatoa sabuni.

Tarehe kumi na sita tulikwenda hata hivyo, na laki moja na elfu sitini. Nilidhani labda watanionea huruma. Yule wa mapokezi alikuwa mpole. Akasema turudi mwezi wa kumi na mbili. Tulirudi, nikiwa na pesa zote, zamu ya mtu mwingine niliyobadilishana kupitia kwa Mwavita, ambaye alinikubalia bila kunisalimia. Daktari alimulika jicho muda mrefu, akaniita nje. Akasema hakuna tena cha kushikilia.

Mama bado analima. Magugu anayajua kwa vidole. Watu wa Ruziba humchagulia noti za chenji, na sijasikia bado aliyemwibia. Mimi humletea unga Jumapili, na yeye ananipa lengalenga, na mambo yetu si mabaya. Ila kila tukienda kwenye harusi au ubatizo, mtu akipita na kreti ya vinywaji, mama ananishika mkono na kumwambia, huyu mumupe Fanta. Anasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, ili asiniaibishe, na kwa hiyo wote wanasikia. Anawaambia jirani zake kwamba mwanawe ameacha. Mimi sikuwahi kunywa zaidi ya chupa moja. Nakunywa Fanta.

Mashine ya Astère ina kijana mwingine sasa, mzuri, hasemi kitu. Shuka zinatoka, nakunja, nasaini.

Wiki iliyopita alinipigia mzee Melchior. Mwaka unatimia, wanafanya kuganduka kwa mwisho, na familia inaomba mimi niseme tena. Ingrid ameomba hasa lile neno langu la mwisho lirudiwe, na safari hii watalirekodi kwenye simu, ili Bella akikua alisikie kwa sauti ya mtu aliyemjua baba yake. Nilimwambia nitafikiri. Akasema hakuna cha kufikiri, ni wiki mbili tu zimebaki.

Nilimwambia mama. Ameomba nimpitie asubuhi na kumshika mkono mpaka barabarani. Anasema atakuja, anataka kunisikia tena.